Daftari la Viumbe Adimu na Kichaka cha Wazee Wetu

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Muhaisnah, Dubai



Wazee wetu waheshimiwa, mama zetu na shangazi zetu, ndugu na watoto mliotoka Muscat, Mombasa, Dar es Salaam, London na Toronto, na nyinyi wenyeji wetu wa hapa Muhaisnah mliotufungulia milango na majiko yenu kwa siku tatu hizi, napenda kuanza kwa shukurani. Kamati imenitaka nizungumze juu ya madaftari ya taifa ya mimea na wanyama walio adimu na walio hatarini kutoweka. Wako waliotabasamu walipoiona mada hii katika ratiba, baina ya hesabu za mfuko wa masomo na chakula cha mchana. Nawaelewa. Lakini katika ajenda ya kesho asubuhi imo hoja ya kichaka chetu cha Pemba, na kwa fikra zangu mambo haya mawili hayatengani.

Kwa faida ya vijana ambao hawakuzisoma barua zilizozunguka mwaka huu, nieleze kwa ufupi. Ukoo wetu bado una haki ya eneo dogo kaskazini ya Pemba, si mbali na msitu wa Ngezi. Nyumba haipo tena; imebakia misingi na kisima. Kilichobaki hai ni kichaka kilichoyazunguka makaburi ya wazee, chenye mivule mikubwa, miembe iliyogeuka kuwa ya mwituni, na popo. Ametokea mtu anayetaka kuikata mivule hiyo na kulisafisha eneo, na fedha anazozitaja si haba. Wako kati yetu wanaosema fedha hizo zipokewe na zitiwe katika mfuko wa masomo. Hoja hiyo si ya ulafi, wala sitaki mtu aidhanie hivyo. Watoto wana haki ya kusoma, na mfuko, kama tulivyosikia sasa hivi kwa mweka hazina wetu, hauna kitu kingi.

Sasa niingie katika mada niliyopewa.

Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile uliundwa mwaka 1948, na mwaka 1964 ukaanzisha daftari la viumbe walio hatarini duniani, ambalo hujulikana kwa jina la Orodha Nyekundu. Kila aina ya mnyama au mmea inayochunguzwa hupangiwa daraja: iliyotoweka kabisa, iliyotoweka porini ikabakia mikononi mwa wanaadamu tu, iliyo hatarini mno, iliyo hatarini, iliyo dhaifu, inayokaribia hatari, na ile isiyotia wasiwasi. Lipo pia daraja la wale ambao habari zao hazitoshi, na mimi hulipenda daraja hilo kwa uaminifu wake. Madaraja haya hayagawiwi kwa huruma. Jamii ya mnyama iliyobakiwa na wakubwa wa kuzaa wasiofika 50 huingia katika hatari mno bila ya mjadala. Kadhalika ile iliyopungua kwa asilimia 80 au zaidi katika muda wa miaka 10 au vizazi vitatu, ukichukuliwa ule muda ulio mrefu zaidi.

Daftari la taifa hutumia vipimo hivyo hivyo, lakini swali lake ni jingine. Daftari la dunia huuliza kama mnyama huyu yupo bado mahali popote. Daftari la taifa huuliza kama yupo bado kwetu. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka mtu atazame majibu.

Mtazameni nguva. Ghuba hii mnayoipakana nayo ina kundi la nguva lililo la pili kwa ukubwa duniani baada ya lile la Australia, na maji ya Abu Dhabi peke yake yanakisiwa kuwa na nguva wapatao 3,000. Nguva huyo huyo, kwetu, zamani alikuwa akikamatwa na kuuzwa sokoni. Watafiti walipotaka kujua hali yake katika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilibidi wapite vijiji kwa vijiji kuwauliza wavuvi wamemwona lini na wapi, na majibu mengi yalikuwa ya kumbukumbu za zamani, ama ya nguva aliyekutwa amekufa ndani ya jarife. Mwezi wa Disemba mwaka 2022 ikatangazwa kwamba nguva wa pwani ya Afrika Mashariki yumo katika hatari mno: wakubwa waliobaki hawafiki 250. Duniani kwa jumla nguva huhesabiwa kuwa dhaifu tu. Mtu anayesoma daftari la dunia peke yake hatajua kwamba mtoto wa Tumbatu au wa Kojani anaweza kuzeeka baharini bila ya kumwona.

Mfano wa pili ni paa nunga, na huu ni mgumu zaidi kwa sababu ndani yake imo habari njema. Paa huyu mdogo mwenye rangi ya kutu huishi Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, basi. Mwaka 1983 wale wa Unguja walikisiwa kufika 5,000. Mwaka 1999 makisio yalishuka mpaka 640. Daftari la dunia likamwandika kuwa yu hatarini mno. Kisha kamera zilizotegwa katika misitu ya Boni na Dodori, kaskazini ya pwani ya Kenya, zikaonyesha kwamba huko wapo wengi kuliko ilivyodhaniwa, na katika tathmini ya mwaka 2016 akahamishiwa daraja la dhaifu. Tufurahi, kwani paa wa Kenya ni paa pia. Lakini yule wa Jozani hakuongezewa hata jani moja kwa habari hiyo.

Kanuni za madaftari ya taifa zinalijua jambo hili. Baada ya kuipima hali ya mnyama ndani ya mipaka, wachunguzi hutakiwa waulize kama wenzake wa nchi jirani wanaweza kuja kuliziba pengo lake. Ikiwa wanaweza, daraja lake hupunguzwa ukali. Ikiwa hawawezi, haliguswi. Tai huvuka mpaka bila ya kuonyesha pasi. Paa wa Boni hana ngalawa ya kumleta Unguja.

Nije kwa chui wa Unguja, na hapa naomba wazee wanivumilie, maana wako humu wanaoyajua mambo haya kuliko mimi. Mwaka 1932 mtaalamu Pocock alimweleza chui huyu kuwa ni namna ya pekee, mdogo kuliko wa bara, na akampa jina la Aders, mtumishi wa serikali ya Unguja wakati ule. Jina hilo hilo amelibeba na paa nunga. (Hunishangaza namna bwana mmoja alivyoandikwa juu ya migongo ya wanyama wawili ambao wazee wetu walikuwa na majina yao tangu hapo.) Mnazikumbuka habari za chui wa kufugwa: ilisadikiwa kwamba wako wachawi wanaowalea na kuwatuma kudhuru watu na mifugo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikafanywa kampeni ya kuwasaka chui pamoja na waliosemwa kuwa ndio wafugaji wao. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman walikaa miaka mingi wakizikusanya habari hizi kwa wawindaji na wanavijiji, na kwa ushahidi walioupata matumaini ya kumkuta chui aliye hai yalikuwa machache mno. Mwaka 2018 watengenezaji wa kipindi cha televisheni walionyesha picha ya kamera ya mnyama waliyedai kuwa ndiye. Picha moja, hata ikiwa ya kweli, si jamii inayozaa.

Chui huyu ametoweka mara mbili. Kwanza msituni. Halafu kitabuni, kwa sababu uchunguzi wa nasaba uliochapishwa katika miaka ya 1990 uliwaweka chui wote wa Afrika katika kundi moja. Likitazama chui leo, daftari la dunia humwona mnyama mwenye jamaa kutoka kusini ya Afrika mpaka mashariki ya Asia, likamwandika kuwa dhaifu. Unguja haionekani humo. Ni kama kusema kwamba ukoo wetu uko salama kwa sababu Toronto tumezaliana vizuri, hali kule kwetu hapana tena anayefungua mlango tukibisha hodi.

Kwa ajili hiyo nchi mbalimbali zimeona haja ya kuwa na daftari lao wenyewe. Kenya, katika sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliambatisha jaduweli ya viumbe walio hatarini nchini humo, kwa hivyo jina la mnyama lina nguvu ya sheria nyuma yake. Uganda ilipata orodha yake ya taifa mwaka 2016. Hapa Imarati, Wizara ya Mabadiliko ya Tabianchi na Mazingira ilitoa madaftari ya taifa kwa mafungu: wanyama wanyonyeshao, ndege na watambaao mwaka 2019; mimea, matumbawe na samaki mwaka 2021. Wale wenzetu wanaosema kwamba nchi hii ni mchanga na majumba tu wangefaa walisome fungu la mimea. Au waende bustani ya Mushrif, isiyo mbali na tulipokaa, wakaitazame mighafu inavyosimama bila ya mtu kuinywesha. Mti huo uliteuliwa kuwa mti wa taifa mwaka 2008.

Watu wa Ghuba wanajua pia kwamba jina lililoandikwa katika daftari linaweza kubadilika kwa kazi ya watu. Choroa mweupe wa Arabia aliuliwa mpaka akaisha porini. Yule wa mwisho anasemekana kuuawa Oman mwaka 1972. Lakini tangu mwaka 1962 walikuwa wamekamatwa wachache na kupelekwa Marekani wazalishwe. Mwaka 1982 wakarudishwa jangwani Oman, baadaye na katika nchi nyingine, na mwaka 2011 choroa akapanda hadi daraja la dhaifu, mnyama wa kwanza kufika hapo baada ya kuwahi kuandikwa kuwa ametoweka porini. Ndugu zetu wa Muscat wataniwia radhi nikiongeza kwamba hifadhi ya Oman ya choroa, iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1994, iliondolewa mwaka 2007, ikiwa ya kwanza duniani kuondolewa, baada ya ujangili kuwapunguza choroa na serikali kulipunguza eneo lenyewe kwa asilimia 90. Kuandikwa si kulindwa.

Nyumbani, Zanzibar ina sheria yake ya misitu, namba 10 ya mwaka 1996, na hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004. Kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu, aliwahi kudhaniwa kuwa amebakia kidogo sana. Hesabu kamili ilipofanywa wakapatikana zaidi ya 5,800, na wengi wao walikuwa ndani ya maeneo yanayolindwa. Kwa mnyama kama huyu daftari la taifa na la dunia ni ukurasa mmoja, kwani akiisha Zanzibar amekwisha.

Pemba nayo ina wake. Inao ndege wanne wasiopatikana kwengine: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule ndege mdogo mwenye pete nyeupe machoni. Unao mpapindi, mnazi usio na nazi kama tulivyokuwa tukiuita utotoni, wenye shina jembamba lenye mapete. Na inaye popo.

Huyu popo ndiye aliyenifanya niikubali kazi hii ya leo. Ni popo mkubwa, mwekundu wa manyoya, anayekula matunda, na hayupo mahali pengine popote duniani isipokuwa Pemba. Kwa sababu ya kukatwa misitu na kuwindwa kwa bunduki alipungua mpaka ikaogopwa kwamba anakwisha. Hesabu ya miaka ya 1990 ilipata kiasi cha 5,000, na mwaka 1996 akaandikwa katika hatari mno. Hakuokolewa na ua wala askari. Waliomwokoa ni wanavijiji, kama wale wa Kidike, waliounda vikundi vya kuwalinda popo waliolala katika vichaka vyao. Vingi vya vichaka hivyo vimesalimika kwa sababu ni vya makaburi au vya mizimu na watu walikuwa wakiona haya kuvikata. Mwaka 2007 hesabu ilikuwa karibu na 20,000, na popo akashuka hadi daraja la dhaifu.

Kichaka chetu ni kimoja cha vichaka hivyo. Mvule, ndugu zangu, huenezwa na popo: hula tunda lake usiku na kuziangusha mbegu mbali na mti mama. Mvule wenyewe uliandikwa mwaka 1998 kuwa unakaribia hatari, kwa ajili ya mbao zake. Atakayeinunua mivule yetu atanunua mbao, na hayo ndiyo anayolipia. Mahali pa popo kulala mchana hapamo katika hesabu yake, wala miche itakayoota kwa majirani kutokana na miti hiyo. Sisi tunaouza ndio tunaopaswa kuvitia vitu hivyo katika hesabu, na hatuwezi kuvitia kama hatujui ni nini kilichomo.

Na hatujui. Hili nalisema kwa uwazi, kwa sababu katika barua zote za mwaka huu, nilizozisoma moja moja, kimetajwa kiasi cha mivule na bei ya mbao, na hakuna aliyeandika jina la mti wa pili. Daftari la taifa hutengenezwa kwa habari kutoka mahali kama pale. Mtaalamu akija hukuta mti, akaupa jina la Kilatini, akaondoka. Jina la Kipemba la mti ule, dawa yake, mwezi wa kuzaa kwake, na kwamba mwaka wa njaa watu walichemsha mizizi yake, vimo vichwani mwa watu waliokaa mstari wa mbele hapa, na katika mstari huo, tusifichane, kila mkutano viti vinapungua. Habari za nguva na za chui zilipatikana kwa wazee kabla ya kupatikana kwa chombo chochote cha kisasa.

Kwa hivyo naiomba kamati iniruhusu niitoe hoja yangu rasmi leo, ipate kujadiliwa kesho pamoja na ile nyingine. Naomba uamuzi wa kukata uahirishwe kwa mwaka mmoja. Katika mwaka huo, ndugu zetu walioko Wete na Chake waende kichakani pamoja na afisa wa idara ya misitu na mzee mmoja anayezijua njia, wahesabu miti na popo, waandike kila walichokikuta kwa jina la kwetu kwanza. Wazee walioko Muscat na hapa Dubai warekodiwe. Kijana wa London anayesomea mambo ya viumbe, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa nimeshamwona amejificha nyuma ya nguzo, ameahidi kuyaoanisha majina hayo na yale ya vitabuni. Orodha ikikamilika tuipeleke serikalini, na nakala ibaki katika kitabu cha ukoo, baada ya kurasa za shajara. Mwaka ukipita, mkutano ukiona bado inafaa kukata, tutakata tukijua tunachokikata.

Najua kuahirisha kuna gharama, na gharama hiyo ataibeba mtoto anayengoja ada. Mimi pamoja na ndugu wawili tumekubaliana kulipa ada za watoto wanne waliomo katika orodha ya mwaka huu. Wamebaki watatu. Anayetaka kuchukua mmoja amwone mweka hazina kabla ya magharibi.

Jambo moja dogo kwa wasafiri, kwa kuwa nimeona mizigo inafungwa. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, unazihusu Tanzania na Imarati zote mbili, na Imarati ilitoa sheria yake namba 11 mwaka 2002. Bangili ya gamba la ng'amba aliyoivaa bibi harusini ni kumbukumbu nzuri, lakini forodhani haitasomwa kama kumbukumbu. Iacheni ilipo, na pembe za ndovu vile vile. Picha mnaweza kupiga mtakazo.

Daftari tupu limewekwa juu ya meza ya chumba cha kina mama, na kalamu imefungwa kwa uzi. Bibi yetu mkubwa alilianza jana usiku baada ya isha, akitaja na mjukuu akiandika, na mpaka walipolala walikuwa wamefika majina 31 ya miti na ndege. Matatu kati ya hayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyasikia. Anasema la kwanza ni la mti ulio upande wa kibla wa kisima, wenye maua meupe yanayonuka usiku. Yeyote aliyefika pale akaukumbuka, namwomba aende akakae naye leo.

Mjadala wa kesho utaanza saa tatu barabara.